Waziri Aliyekaa Kwenye Ukurasa Mbovu

Iko nchi moja, jina lake tuliache, si kwa woga, bali kwa sababu hubadilishwa kila anapoingia mkuu mpya, na huenda likawa limeshabadilishwa kabla hujamaliza kusoma habari hii. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa kikienda vizuri. Ndivyo serikali ilivyosema, na serikali ndiyo iliyokuwa na takwimu.

Takwimu zenyewe zilikaa ndani ya kompyuta moja kubwa iliyoitwa Mtambo, chini kabisa ya jengo la Wizara ya Kumbukumbu za Taifa. Raia wote walikuwa humo: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafungwa, nani kafa. Aliyeujua Mtambo kuliko mtu yeyote alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mchache wa maneno, aitwaye Sikudhani Mbaruku.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiini, yaani ile programu mama inayoziongoza programu nyingine zote. Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa kurasa kurasa, zote za ukubwa mmoja, kama daftari, na kiini ndicho kinachozigawa kwa kila programu inayohitaji. Sasa, kurasa huharibika. Kibao cha kumbukumbu, yaani kile kipande zinamokaa kurasa, kikichakaa, au kikiwa kimetengenezwa ovyo, sifuri hujigeuza moja, na moja ikajigeuza sifuri, bila mtu kuigusa. Sikudhani alikuwa ameandika mistari mia tatu na kumi na miwili ya kushughulika na jambo hilo tu. Ukurasa ukianza kuonyesha dalili, kiini kilinakili yaliyomo na kuyahamishia ukurasa mwingine ulio mzima, kisha kikaufunga ule mbovu usipewe mtu tena. Ukiwa umeharibika kabla ya kunakiliwa, kiini kiliiua palepale programu iliyotaka kuusoma, kwa kuwa ni heri programu ife kuliko iendelee kutoa uongo. Sikudhani aliiamini kanuni hiyo kwa moyo wake wote, na ndiyo sababu alikaa miaka kumi na tisa bila kupanda cheo.

Waziri wa Kumbukumbu alikuwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kanali Mstaafu Nestori Ndomondo, mtu mnene, mwenye sauti nzuri, aliyependa kuhutubia hata watu wawili kwenye lifti. Mwaka huo alileta vibao vipya vya kumbukumbu kutoka kwa shemeji yake, ambaye hadi mwezi uliotangulia alikuwa akiuza mbolea. Vibao vilifika vikinuka mbolea. Vya zamani, ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote, viling'olewa na kupelekwa stoo, na sherehe ikafanyika.

Baada ya wiki mbili kiini kilianza kufunga kurasa. Siku ya kwanza arobaini, ya pili mia sita, mwisho wa mwezi elfu kumi na moja. Kwa bahati mbaya, idadi ya kurasa zilizofungwa ilionekana kwenye skrini kubwa ukumbini, na ujumbe wa nchi jirani uliokuja kujifunza ukaikuta. Mgeni mmoja akauliza ile namba nyekundu ni ya nini. Mheshimiwa akajibu kwamba ni idadi ya mafanikio. Lakini jasho lilikuwa limeshamtoka, na wageni walipoondoka alimwita Sikudhani.

Mezani kwake palikuwa na Waraka Namba Saba, wino haujakauka. Ulisema hivi: "Katika nchi hii hakuna ukurasa mbovu. Ukurasa unaotuhumiwa utahesabiwa kuwa mzima hadi Kamati ya Kurasa itakapothibitisha vinginevyo kwa kuuona kwa macho. Mtambo haukosei. Anayesema Mtambo umekosea, amekosea yeye." Kamati hiyo ingekutana mara moja kwa mwaka, mwezi Novemba, endapo akidi ingetimia.

Sikudhani alieleza kwa upole kwamba ukurasa wa kumbukumbu hauonekani kwa macho, na kwamba bila ile mistari mia tatu na kumi na miwili watu watageuka vitu wasivyo. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kijana mmoja wa mkataba yuko tayari kuitoa mistari hiyo kwa nyundo ikibidi, na kwamba atakapoharibu kiini kizima, kosa litaandikwa kwa jina la Sikudhani.

Basi Sikudhani akaitoa yeye mwenyewe, mstari mmoja mmoja, kwa mkono wake. Jambo hilo likumbukwe na wote wanaomwona ni mtu wa kulaumu wengine tu. Yeye hakulisahau.

Namba nyekundu ikawa sifuri. Mheshimiwa akapigwa picha mbele yake.

Matokeo yalianza kama kichekesho. Shule ya msingi moja ikageuka gereza, na askari wakapelekwa huko. Walimu wakakiri kwamba nidhamu ilikuwa haijawahi kuwa nzuri vile. Mama mmoja akawa babu yake mwenyewe, akaitwa mahakamani kugombea shamba dhidi ya nafsi yake, akashindwa. Mto wa kaskazini ukapotea kwenye orodha ya mito, na waliokuwa wakichota maji wakatozwa faini kwa kuchota kitu kisichokuwepo. Kila malalamiko yalipofika, karani alisoma Waraka Namba Saba na kumshukuru mlalamikaji kwa kuja.

Sikudhani hakucheka, ila alikuwa hajaumia bado. Aliumia Jumatano moja ya mwezi Machi.

Alikuwa na kaka mmoja, Feruzi, aliyewahi kupiga tarumbeta kwenye bendi ya magereza. Wazazi wao walipokufa, Feruzi ndiye aliyemsomesha, akipiga kwenye harusi za watu kila Jumamosi hadi midomo ikavimba. Asubuhi hiyo tumbo lilimkamata ghafla, akajikunja hawezi kunyooka. Sikudhani alimpeleka hospitali kwa teksi. Daktari aliyempapasa alisema ni utumbo umejisokota, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo.

Mpokezi, msichana mwenye adabu, aliingiza namba ya mgonjwa. Alitazama skrini, akamtazama Feruzi, akarudi kwenye skrini.

"Pole sana, dada," alimwambia Sikudhani. "Mgonjwa wako alifariki jana."

Kati ya aliye hai na marehemu, ndani ya Mtambo, palikuwa na alama moja tu: sifuri au moja. Sifuri ya Feruzi ilikuwa imejigeuza. Mpokezi alieleza kwamba huduma za marehemu zinatolewa lango la nyuma, saa tatu hadi saa tisa, na kwamba chumba cha upasuaji hufunguka kwa namba ya mgonjwa aliye hai, hivyo hata daktari akitaka, mlango hautaki. Daktari alitaka. Mlango haukutaka. Walikwenda hospitali nyingine mbili, na zote zilisoma Mtambo ule ule.

Kilichomchoma Sikudhani ni kwamba alijua hasa kilichotokea, kama mtu aliyesimama pale. Laiti mistari yake ingekuwepo, nakala nzima ya Feruzi ingekuwa imeshahamishwa siku nyingi. Sasa nakala haikuwepo, na kurekebisha taarifa ya raia kwa mkono kulihitaji ufunguo wa Waziri peke yake.

Alimkuta Mheshimiwa akijifunza hotuba mbele ya kioo. Alipiga magoti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti. Mheshimiwa alimwinua, akamkalisha, akamwagizia chai.

"Nakuhurumia, binti yangu," alisema. "Lakini fikiria. Nikimfufua kaka yako leo, kesho wataniuliza nani alimuua. Kamati inakaa Novemba. Mwambie avumilie."

Feruzi alivumilia hadi Ijumaa saa sita mchana, kwenye benchi la lango la nyuma, katikati ya familia zilizokuja kuchukua maiti. Watu wa hapo walikuwa wema. Walimpa maji na kumwombea, ingawa wengine waliona ni ajabu kidogo kuja mwenyewe.

Jumamosi Wizara ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari. Ilisema kwamba Mtambo ulitangaza kifo cha raia Feruzi Mbaruku siku ya Jumanne, na kwamba raia huyo amefariki Ijumaa, hivyo si tu kwamba Mtambo haukukosea, bali ulitangulia kwa siku tatu. Teknolojia ya vibao vipya, taarifa iliendelea, imeliwezesha taifa kuona mbele. Mheshimiwa alivishwa nishani ya Jicho la Taifa. Sikudhani alipokea barua ya rambirambi yenye sahihi ya Mheshimiwa, na kwa kuwa barua hizo zilichapwa na Mtambo, ilikuwa na tarehe ya Jumanne, siku ambayo Feruzi alikula pilau sahani mbili.

Aliisoma barua mara moja, akaikunja, akarudi kazini. Hakulia mbele ya mtu. Wenzake walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza, alikuwa anawaza, na mawazo yake yalikuwa ya mpangilio mzuri sana.

Baada ya arobaini aliandika dokezo la nusu ukurasa kwenda kwa Waziri. Alilipongeza jicho la taifa. Kisha akasema kuna jambo moja linamsumbua kama mzalendo: vibao hivi vyenye kuona mbele vimejaa wakulima, wauza mkaa na wastaafu wa bendi, huku viongozi wakichanganywa nao bila mpangilio. Je, si heshima zaidi raia wa kawaida warudishwe kwenye vile vibao vya zamani vilivyoko stoo, na vipya viachiwe viongozi peke yao, kwa kufuata vyeo?

Mheshimiwa alilisoma dokezo mara mbili, akalitia kwenye mashine ya kukatakata karatasi, na kesho yake ukatoka Waraka Namba Nane, wenye maneno yale yale, ukiwa ni wazo la Waziri mwenyewe. Kwenye mkutano wa viongozi alisimama, nishani kifuani, akahutubia.

"Kuanzia leo," alisema, "mwananchi atabaki na vya zamani alivyovizoea, na kiongozi atabeba mzigo wa vipya. Huko ndiko kujitoa mhanga."

Viongozi walipiga makofi kwa dakika saba.

Sikudhani alifanya kazi hiyo kwa wiki mbili, bila kulala ofisini wala kulalamika. Alirudisha vibao vya zamani, akavifuta vumbi kimoja kimoja, akawahamishia humo raia wote. Wale walioharibika aliwapanga kwenye orodha, akawa anatuma orodha hiyo kwa Waziri chini ya kichwa "Usafi wa taarifa kabla ya kuhama", na Waziri, aliyeona ni mambo ya watu wadogo, akawa anaweka ufunguo wake bila kusoma. Shule ikarudi kuwa shule. Mto ukarudi. Yule mama akaacha kuwa babu yake. Hakuna aliyetangaziwa.

Vibao vipya vilibaki viwili, na viongozi mia tisa walitosha humo kwa nafasi. Aliwapanga kwa vyeo, kama waraka ulivyoagiza. Alivipima vile vibao ukurasa kwa ukurasa, akaujua ulio mbovu na ulio mbovu zaidi, na pale ulipooza kabisa ndipo alipomweka Mheshimiwa Nestori Ndomondo.

Akaongeza kitu kimoja. Kutoka kwenye ile mistari yake ya zamani alirudisha ishirini tu, ile ya kunakili. Kila kiongozi alinakiliwa akiwa mzima, na nakala ikakaa kimya kwenye kibao cha zamani. Unaweza kudhani ni huruma. Ukweli ni kwamba hakutaka siku ikifika awe mtu wa kusema haiwezekani. Alitaka iwezekane, na akatae.

Kisha akasubiri, akinywa chai yake saa nne na kwenda nyumbani saa tisa na nusu.

Vibao vilianza na wadogo. Mkuu wa Itifaki akawa na umri wa miaka miwili; dereva wake akakataa kumpakia bila mlezi. Mkuu wa mkoa mmoja akageuka hekta sitini za msitu wa hifadhi, na mkewe akapewa onyo la maandishi asimguse bila kibali. Wote walikwenda kulalamika, na wote walisomewa Waraka Namba Saba, ambao walikuwa wameupigia makofi.

Siku ya kumi na tisa, Alhamisi saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mheshimiwa Ndomondo alifariki.

Alikuwa chooni wakati huo. Alipotoka, mlango wa ofisi ulikataa kadi yake. Alimwita mlinzi kwa ukali. Mlinzi alitazama kidude chake, akavua kofia, akampa pole ya msiba. Dereva alikuwa ameshapeleka funguo za gari masijala. Katibu wake alikuwa analia kwa dhati, huku akichapa tangazo.

Naibu Waziri, Bi. Gaudensia, aliitisha kikao ndani ya robo saa. Alikuwa amengoja kiti kile miaka sita. Mheshimiwa aliingia kikaoni akipiga meza, akisema mimi hapa, nipapaseni. Bi. Gaudensia alisubiri amalize, kisha akasoma kwa sauti ya majonzi: Mtambo haukosei, anayesema umekosea, amekosea yeye. Akauliza kama kuna kiongozi yeyote anayepingana na maneno haya ya marehemu. Hakuna aliyenyanyua mkono. Marehemu mwenyewe aliunyanyua, na katibu wa kikao akaandika kwamba kura zilikuwa za pamoja.

Msiba ulikuwa wa kitaifa na ulipendeza. Mheshimiwa aliruhusiwa kuhudhuria, safu ya tatu, nyuma ya mabalozi. Alisikia akisifiwa kwa mambo ambayo hakuwahi kuyafanya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupewa nafasi ya kusema neno. Jeneza, likiwa na sare yake ya ukanali, lilipelekwa chumba cha heshima kungoja mwenyewe.

Hapo ndipo palipoanza tatizo. Wote walikumbuka kwamba kwa yule mpiga tarumbeta Mtambo ulitangulia siku tatu. Siku ya nne ilipofika na Mheshimiwa bado anatembea, Baraza likaona aibu. Ujumbe wa watu watano ulimtembelea nyumbani na matunda, ukamuuliza kwa heshima zote anatarajia lini. Siku ya sita walirudi bila matunda.

Siku ya saba, saa tano asubuhi, alishuka ngazi hadi kwenye ofisi ya Sikudhani, nguo zimemlegea, viatu vina vumbi. Alikuwa amekuja kwa miguu. Alibaki amesimama, maana kiti cha wageni hakikuwepo.

"Sikudhani, binti yangu," alisema. "Yule kijana wa mkataba ameniambia una nakala."

"Ninayo," alijibu Sikudhani. Akageuza skrini ajione. Alikuwemo mzima, na vyeo vyake vyote, na ile sifuri ya uhai mbele ya jina.

Mzee yule alishika ukingo wa meza. Aliuliza itachukua muda gani kumrudisha. Sikudhani akasema ni kubonyeza mara moja, lakini kwanza angependa kusikia habari za vile vibao. Basi Mheshimiwa akaeleza yote. Alijua ni vibovu tangu vilipofika, shemeji yake alimwambia. Alijua Feruzi yuko hai Jumatano ile, alikuwa na ufunguo mfukoni wakati anamwagizia chai, na isingemchukua hata dakika. Alisema haya akilia. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na hakuna aliyemwinua.

Sikudhani alisikiliza hadi neno la mwisho, kama mtu anayekula chakula alichokingojea.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa nenda."

"Ulisema ni kubonyeza mara moja."

"Ni mara moja. Sitabonyeza."

Na mbele ya macho yake akaifuta nakala, na hiyo nayo ilikuwa kubonyeza mara moja.

Mheshimiwa alijaribu redio, wakamwambia hawahoji marehemu. Alijaribu mpaka wa nchi jirani, wakataka hati ya kusafiri ambayo marehemu hapewi. Mwishowe mkewe aliomba kibali cha kusafirisha maiti. Mheshimiwa alivuka mpaka kwenye jeneza lake la kitaifa, nyuma ya lori la vitunguu, likiwa limetobolewa tundu la kupumulia, na askari wa forodha walilipigia saluti. Inasemekana yuko huko hadi leo, na kwa kuwa hana karatasi ya kuonyesha kuwa yu hai, hulipwa kwa kutwa kupakua magunia, na huhutubia wapagazi wakati wa chakula.

Bi. Gaudensia alikalia kile kiti siku nne tu kabla hajamwita Sikudhani. Alifunga mlango, akafunga na dirisha. Kwa kufuata vyeo, alisema kwa sauti ya chini, sasa yeye ndiye anayekaa kwenye ukurasa wa marehemu. Akaagiza mistari yote mia tatu na kumi na miwili irudishwe siku hiyo hiyo, bila tangazo, na ile namba ya ukumbini iendelee kusoma sifuri. Wiki iliyofuata Wizara ilisherehekea Awamu ya Pili ya Maboresho, na shemeji mwingine akapewa zabuni ya mapambo.

Wapo wanaosema Sikudhani alijuta baadaye, kwamba yale magoti kwenye saruji yalimwandama. Husema hivyo watu wema, wanaopenda habari ziishe kwa machozi. Jirani yake, aliyekuwa akimletea uji tangu msiba, alimuuliza waziwazi kama kisasi kimempunguzia uchungu. Sikudhani alifikiri kidogo, kwa kuwa hakupenda kusema jambo lisilo sahihi.

"Uchungu uko pale pale," alisema. "Lakini hamu ya kula imerudi."

Akaomba aongezewe.